Jiwe Mfukoni

Watu wengi wakisikia kwamba Isimila iligunduliwa, humfikiria Mzungu mwenye ndevu, kofia ya jua na shahada mbili tatu. Sivyo. Mwaka 1951 alipita pale mwanafunzi wa shule kutoka Johannesburg, D. Maclennan, akaona mawe yaliyochongwa yametapakaa korongoni, akaokota kadhaa akaenda nayo. Mwaka 1957 akaja Mmarekani F. Clark Howell na wenzake, wakachimba mwaka ule na uliofuata, na kazi yao ndiyo iliyoiingiza Isimila katika vitabu vya historia vya shule zetu. Nina hakika Wahehe waliokuwa wakichunga kando ya kijito kile walikuwa wameyaona mawe hayo miaka mingi kabla. Mtu anayetembea peku haachi kulijua jiwe analolikanyaga. Ila wao hawakuulizwa.

Sisi tulikwenda tukiwa kidato cha pili, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kwa watu wa Iringa, Isimila ilikuwa karibu mno hata ikaonekana si kitu: kilometa kama 20 tu kutoka mjini, ukishika barabara ya Mbeya. Wengi wetu tulikuwa tumepita pale ndani ya basi mara nyingi bila hata kugeuza shingo. Darasani ilikuwa jina moja katika orodha, Olduvai, Isimila, Kondoa, Olorgesailie, Nsongezi, nasi tulilitaja kama konda anavyotaja vituo, mbio mbio, bila kushuka popote. Mtihani uliuliza majina, tukajibu majina, tukapata alama zetu.

Safari ilikuwa ya mchango. Waliokosa mchango walibaki shuleni siku ile wakimwagilia bustani, jambo ambalo sikulipenda wakati ule na silipendi leo, maana kati yao walikuwemo wawili waliojua historia kutuzidi sote. Sisi tuliolipa tulijazana kwenye Koasta ya kukodi asubuhi ya Juni, baridi ya Iringa ikiwa imetukaza midomo, kila mmoja na sweta lake la shule na mfuko wa nailoni wenye maandazi na mayai ya kuchemsha. Ratiba ya mwalimu wetu wa historia ilikuwa na sehemu mbili tu: Isimila asubuhi, Kalenga mchana. Wapo walionung'unika kwamba shule nyingine hutembelea sehemu tano kwa siku moja. Mwalimu aliwaambia wahamie shule hizo.

Koasta ilipokata kona kuingia njia ya vumbi, alimwambia dereva asimame akatushusha sote. Alikwaruza mstari ardhini kwa kisigino cha kiatu. "Mstari huu ni leo," alisema. "Kila hatua mtakayopiga ni miaka elfu moja kurudi nyuma. Twende."

Tukaanza kwa kelele. Kabla mguu wa kwanza haujatua alitusimamisha. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alisema, yuko hapa, akaonyesha sehemu ya ardhi isiyozidi upana wa kiganja. Nusu ya hatua, Wareno wanaingia Kilwa. Hatua moja na kitu, Mtume anahama Makka kwenda Madina. Hatua ya pili ikiishia, Yesu anazaliwa. Kati ya hatua ya nne na ya tano, Wamisri wanapandisha mawe ya piramidi. Kufika hatua ya kumi na mbili alisema kwamba kuanzia hapo hatutakuta tena shamba lolote duniani, wala la mahindi wala la ngano wala la mtama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelima bado. Halafu akanyamaza. Nasi tukaendelea kutembea.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Hatua ya thelathini, hakuna jina. Ya hamsini, hakuna mfalme, hakuna vita. Ya mia moja, wale waliokuwa wakihesabu kwa sauti waliacha wakabaki wakihesabu kimoyomoyo. Vumbi lilikuwa jekundu, limepanda hadi kwenye soksi. Tulipofika hatua ya mia mbili na sitini akanyoosha mkono. Kipimo cha urani kilichofanyiwa mifupa ya Isimila, alituambia, kilitoa umri wa miaka kama 260,000. Mtu mmoja aliuliza: na zile nyayo za kale za Laetoli? Mwalimu alipiga hesabu ya hatua zaidi ya elfu tatu na mia sita, akasema hiyo tutaitembea siku ambayo hatutakuwa na pa kurudi. Tuligeuka nyuma kuuangalia mstari wa leo. Hatukuuona; hata Koasta iliyokuwa imeegeshwa karibu nao ilionekana ndogo.

Nimehudhuria mihadhara mingi tangu siku ile, mingine ya watu wenye vyeo virefu, na sijaona aliyenieleza miaka vizuri kuliko mwalimu yule kwa kisigino cha kiatu chake.

Mwongozaji wa Isimila alikuwa mzee mwembamba, amevaa koti kubwa la mtumba. Tukamwamkia, shikamoo zetu zikamwangukia zote kwa pamoja, naye akaitikia marahaba moja iliyotutosha. Alituteremsha korongoni. Huko chini udongo uko kwa tabaka, mwekundu juu ya wa kijivu, wa kijivu juu ya mweupe, na kijito chembamba kinapita katikati kikionekana hakina nguvu ya kumwangusha mbuzi. Alisema palikuwa na ziwa pale, si refu kina, la kujaa na kukauka kufuata majira, na wanyama walifuata maji na watu walifuata wanyama. Mifupa iliyopatikana imo ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa kuliko kiboko wa leo, kiasi kwamba angeweza kuzama karibu mwili wote na bado akakuona. Ila mifupa ya watu waliochonga yale mawe haijapatikana pale. Tunazo kazi zao kwa maelfu, wenyewe hatunao.

Alichagua shoka moja la mkono, akatuambia tukae duara, likapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Nakumbuka baridi yake kwanza, halafu uzito, uliozidi nilivyotarajia kwa ukubwa ule. Lilikuwa na umbo la chozi, ncha upande mmoja, mviringo upande wa pili. Pande zote mbili za bapa lake zilikuwa na makovu, moja limepanda juu ya jingine, kila kovu ni pigo moja la jiwe dhidi ya jiwe. Upande wa kushoto ulifanana na wa kulia karibu sawasawa. Aliyelichonga hakuwa akibahatisha. Alikuwa na umbo kichwani kabla ya pigo la kwanza. Nililizungusha mkononi hadi likakaa, kidole gumba kikaangukia kwenye kibonyeo kimoja karibu na mviringo, na mzee akatabasamu kwa kuwa alikuwa anangoja nikione. Lakini mengine yaliyolala pale ni makubwa mno hata mwanamume mzima angehitaji mikono miwili kuyainua, na kuhusu hayo wataalamu bado wanabishana yalitumika vipi. Mzee alisema hivyo bila aibu. Nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Kisa chenyewe kilitokea tulipokuwa tukirudi kutoka kwenye nguzo. Nguzo za Isimila ni minara ya udongo mgumu iliyoachwa na mmomonyoko, mirefu kuliko nyumba, na ndiyo inayopigwa picha kuliko kitu kingine chochote pale, hata watu huondoka wakidhani ndiyo historia yenyewe. Tulikuwa tumezunguka huko na kupiga kelele ili tusikie mwangwi. Tukiwa njiani kupanda, mzee alisimama akamwangalia jirani yangu wa dawati. Sweta lake lilikuwa limelala upande mmoja.

"Mjukuu wangu," alimwambia, "mfuko wako umechoka. Toa."

Akatoa. Lilikuwa jiwe la kukata, si kubwa, zuri sana. Mwalimu alikuwa tayari ameshapanda hasira, lakini mzee alimwomba amwachie. Akamwambia yule kijana: "Sasa lirudishe ulipolitoa."

Ilionekana adhabu rahisi. Tulirudi naye sote, hadi mahali mawe yalipotapakaa, akainama akaliweka. Mzee akauliza, ni hapa? Akajibu, nadhani. Lilikuwa limelalia tumbo au mgongo? Kimya. Lilikuwa limezama udongoni au limekaa juu? Kimya. Kando yake kulikuwa na nini, vipande vidogo vidogo au jiwe zima jingine? Jirani yangu aliliinua akalisogeza mbele kidogo, akaliinua tena, akalipeleka kulia, akasimama nalo mkononi katikati ya mawe elfu moja yanayofanana. Alikuwa amelichukua chini ya saa moja kabla. Macho yake yakajaa machozi, na hakuna aliyecheka.

Mzee hakumfokea. Alitueleza, akiwa amechuchumaa, kwamba wachimbaji walipoanza kazi pale walichora ramani, wakaandika kila jiwe limekaa wapi na kwa jinsi gani. Ukikuta jiwe limezungukwa na vibanzi vyake, unajua fundi aliketi hapo. Ukilikuta karibu na mfupa wa mnyama, unayo habari nyingine, ya kuangaliwa kwa uangalifu. Ukikuta mengi yameelekea upande mmoja, kingo zimelainika, huenda ni maji yaliyoyaleta, na hapo hakuna mtu aliyeketi kabisa. Jiwe lenyewe litakwambia lilichongwaje. Mengine yote yamo katika pale lilipokuwa. Kisha akalichukua lile jiwe, hakuliweka chini tena. Alikwenda nalo hadi bandani, akalitia katika rundo dogo pembeni. Tukamuuliza yale ni ya nini. Ni yale yaliyorudishwa, alisema. Watu wamezipekua begi zao, wengine wametuma kwa marafiki, lakini hakuna anayejua yalikuwa wapi.

Mwenzetu mmoja mjuaji, kila darasa linaye, akauliza kama yule Maclennan naye si mwizi, maana alichukua. Mzee alicheka sana. "Alichukua, ndiyo," alisema, "lakini alisema alikoyatoa. Mngekuwa hapa leo kama angenyamaza?"

Tulikula maandazi yetu chini ya mti, tukarudi kupitia mjini, tukashika barabara ya Ruaha hadi Kalenga. Ni mwendo mfupi. Ukishuka unasalimiwa kamwene, nawe unaitikia kamwene, na mbele yako kuna kijiji cha kawaida chenye migomba na nyumba za tofali karibu na Ruaha Mdogo. Ilibidi mwongozaji wa makumbusho ya pale atuonyeshe kwa kidole palipokuwa na ngome ya Mkwawa, maana kilichobaki juu ya ardhi ni kidogo mno. Baada ya Wahehe kuwapiga Wajerumani kule Lugalo mwezi wa Agosti 1891, na kumuua kamanda wao Zelewski, Wajerumani walirudi na mizinga. Oktoba 1894 kiongozi wao von Schele akaivunja Kalenga. Hata jina hawakuliacha: ngome ile waliijua kwa jina la Iringa, na walipojenga mji wao mpya mlimani wakalibeba jina wakalipeleka huko. Ndiyo Iringa tuliyokuwa tumetoka asubuhi.

Mkwawa alipigana msituni miaka mingine minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi asikamatwe. Wajerumani waliufikia mwili, wakakata kichwa. Haya tuliyajua, hakuna mtoto wa Iringa asiyeyajua. Tulilokuwa hatulijui ni habari ya kichwa baada ya hapo, na mwongozaji wa makumbusho aliisimulia akiwa amesimama kando ya sanduku la kioo lenye fuvu ndani yake.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246. Kifungu hicho kiliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili: Kurani ya Khalifa Othman iliyoondolewa Madina, na fuvu la Mkwawa. Wakubwa wa dunia wameketi Ufaransa wanagawana makoloni ya aliyeshindwa, na katikati ya karatasi zao limo fuvu la mtu wa Kalenga. Wajerumani walijibu kwamba hawajui liliko. Ikapita vita nyingine nzima. Ndipo Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolifuatilia mpaka kwenye makumbusho ya Bremen, na mwaka 1954 likarudi, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Msichana mmoja wa mkondo B akanyoosha mkono. Alikuwa mpole, haulizi maswali. "Shikamoo baba. Mlijuaje kwamba ni lenyewe?"

Mwongozaji hakukwepa. Bremen palikuwa na mafuvu kama 2,000. Kati yake 84 yalitoka katika ile Afrika Mashariki ya Wajerumani. Twining aliyatenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya ukoo wa Mkwawa walio hai, na kati ya hayo akachukua lenye tundu la risasi. Ndivyo lilivyojulikana.

Nilimwangalia jirani yangu wa dawati. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nadhani alikuwa akifikiria nilichokuwa nikifikiria mimi. Waliokata kichwa kile walijua ni cha nani, walikuwa wakimsaka kwa miaka, waliahidi fedha kwa atakayemleta. Halafu wakakitia katika kabati pamoja na vingine elfu mbili, na kufika siku ya kukirudisha ilibidi kiongozi wa serikali apime mifupa kwa rula na kutafuta tundu. Sitii shaka maombolezo ya ukoo. Wao walilipokea fuvu na kulipa heshima, na hilo ni lao. Ninachosema ni kwamba anayeondoa kitu mahali pake bila kuandika neno huwaachia wengine kazi ya kukisia. Na yale mengine 83? Kila moja lilikuwa la mtu aliyekuwa na jina, na kijiji, na watu waliomtafuta. Swali hilo hakuna aliyeliuliza siku ile. Mimi nilikuja kulifikia nikiwa mtu mzima, na bado silipendi jibu lake.

Miaka mingi baadaye nilifika Mlambalasi, magharibi ya Iringa, ulikolazwa mwili wa Mkwawa bila kichwa. Karibu na kaburi kuna pango la mwamba, na humo watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta na wenzao wa Tanzania wamechimba na kukuta mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, pamoja na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Hatuwajui majina wale, lakini tunajua walilala wapi, katika tabaka gani, na vitu gani, kwa sababu kila kilichotolewa kiliandikwa kabla hakijainuliwa. Kwa hesabu ya mwalimu wetu, kati ya Mkwawa na majirani zake hao kuna zaidi ya hatua kumi. Na watu wa hatua ya kumi tunawajua walikolala kwa uhakika kuliko tunavyojua njia iliyopitiwa na kichwa cha mtu wa juzi tu.

Ndiyo maana nawatetea walimu wa aina ya yule wetu. Naona siku hizi wanafunzi wanateremshwa kwenye basi, wanapigwa picha ya pamoja mbele ya bango, wanaingizwa basini, na jioni ripoti ya safari inanakiliwa kwa aliyeandika vizuri. Sehemu tano kwa siku, na hakuna hata moja waliyochuchumaa. Pungufu ya hapo ingewafaa: sehemu moja, saa tatu, kamba ya kupimia, penseli, na mzee anayeruhusiwa kusema hajui. Wale wanaokosa mchango wapelekwe pia. Isimila na Kalenga ni mwendo wa daladala.

Nawe unayesoma, ukichimba msingi au ukalima shamba ukakuta jiwe lililochongwa, kigae cha chungu cha zamani au mfupa usiouelewa, usiuchomoe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba na kuhamisha vitu hivyo bila kibali, lakini hata bila sheria usiuchomoe. Weka sarafu au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha kutoka juu na kutoka pembeni, weka alama mahali hapo, kisha kamwambie mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa halmashauri yako.